Mkaa Peke Yake Hauwezi Kufanya Kazi ya Figo

Imani kwamba mkaa hufyonza kila sumu ni ya siku nyingi, na wapo wanaodhani kuwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi anaweza kumeza unga wa mkaa na kuachana na mashine ya kusafisha damu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, na pengine ndiyo sababu haifi. Mwaka 1964 daktari Mgiriki, Hippocrates Yatzidis, alipitisha damu ya wagonjwa wa figo katika mkaa ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa maalumu ili unase vitu vingi, nao ukanasa kreatinini na asidi ya yuriki, ambazo ni taka za mwili. Lakini urea, taka iliyo nyingi kuliko hizo, haikunaswa kwa kiasi cha maana, wala maji yaliyozidi mwilini hayakuondoka.

Mfumo wa kusafisha damu uitwao REDY, ulioanza kutumika miaka ya 1970, uliziba sehemu ya pengo hilo. Ndani ya kasha lake, kimeng'enya cha yurezi kilivunja urea na kutoa amonia, kemikali iitwayo fosfeti ya zirkoniamu iliinasa amonia hiyo pamoja na potasiamu, nyingine iitwayo oksidi ya zirkoniamu ilinasa fosfeti, na mkaa ulibaki na kazi yake ileile. Tena kilichopita humo hakikuwa damu, bali maji ya dialisisi, yaani maji yanayopokea taka kutoka kwenye damu kupitia utando wa chujio, ambayo yalisafishwa na kurudishwa katika mzunguko, hivi kwamba lita 6 hivi zilitosha mahali ambapo mashine ya kawaida, kwa mililita 500 kila dakika, hutumia lita 120 kwa saa 4. Maji ya ziada ya mgonjwa bado yalitolewa kwa shinikizo kupitia utando huo wa chujio, kazi ambayo mkaa wa kumeza hauwezi kuifanya.