Je, wajua kwanini dogo wa miaka 6 aliweza kuchimbisha kisima?

Mwaka 1998 huko Kanada dogo mmoja anaitwa Ryan Hreljac, darasa la kwanza tu, alimsikia ticha wake akisema kuna watoto Afrika hawana maji safi na kwamba dola 70 zinatosha kupata kisima. Akarudi nyumbani akaomba hizo hela. Wazazi wakamwambia fanya kazi za nyumbani tutakulipa, basi akapiga kazi miezi kama minne, hela zikatimia, kumbe dola 70 ni za pampu ya mkono tu, kisima chenyewe ni dola 2,000! Yeye akajibu basi ataongeza kazi. Mwaka 1999 maji yakatoka kwenye shule ya msingi Angolo, kaskazini mwa Uganda.

Sasa mamilioni ya watoto wanasikia habari za maji kila mwaka na wala hawachimbi chochote, kwanini huyu? Mi naona ni kwa sababu ticha alitaja kiasi, hakuishia kwenye "maji ni uhai" kisha nakilini ubaoni. Mtoto akipewa namba anapata pa kushikia. Halafu wazazi hawakumtolea hela mfukoni wala hawakumfukuza, kazi ikabaki ya kwake.

Na mtoto ana nguvu nyingine ambayo mtaalamu hana. Utafiti mmoja uliotoka 2019 kwenye jarida la Nature Climate Change ulifanyika North Carolina, Marekani, wanafunzi wa miaka 10 hadi 14 wakafundishwa mabadiliko ya tabianchi, wakatumwa kuwahoji wazazi wao. Wazazi wakaanza kuijali hiyo ishu zaidi, hasa akina baba na wale wenye msimamo wa kihafidhina, na mabinti ndo waliwageuza wazazi zaidi ya wavulana (akina baba wenye mabinti hapo hawashangai). Yaani mwanasiasa akisema utauliza anataka nini, ila mwanao akija na daftari anakuuliza swali huwezi kumwambia katumwa na chama.

Ila kuna mtego. Mtafiti mmoja wa mambo ya watoto, Roger Hart, aliandikia UNICEF mwaka 1992 kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto, ina hatua 8, na tatu za chini anasema sio ushiriki kabisa: mtoto kutumiwa, mtoto kuwa pambo, mtoto kuwekwa kwa jina tu. Umeshawaona, wamevalishwa tisheti zenye ujumbe wanaimba mbele ya mgeni rasmi na ukiwauliza wanaimba nini hawajui. Cha ajabu hatua ya juu kabisa sio watoto kuachwa peke yao, ni wao kuanzisha jambo halafu maamuzi wanafanya pamoja na wakubwa.

Kwa hiyo ticha anayetaka kujaribu asianze na kuokoa dunia, aanze na bomba la shule linalovuja. Wanafunzi waweke chupa ya nusu lita chini yake, washike saa. Ikijaa kwa dakika 10 hiyo ni lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku, hapo hesabu imeshafundishwa, kinachobaki ni barua na somo la lugha lipo. Waipeleke wenyewe kwa mwalimu mkuu, namba ya lita ikiandikwa juu kabisa ya barua, halafu wamuulize fundi anakuja lini.