33,550,336: namba kamilifu ya tano

Orodhesha vigawo vyote vya 33,550,336 isipokuwa yenyewe: 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 16,775,168. Viko 25. Ukivijumlisha unapata 33,550,336 ileile. Namba ya aina hii huitwa kamilifu. Iliyo ndogo kuliko zote ni 6, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6; zinafuata 28, 496 na 8,128. Jumla ya vigawo ikiwa ndogo kuliko namba yenyewe, kama kwa 8, namba hiyo ni pungufu. Ikizidi, kama kwa 12, ni zidifu.

Wagiriki wa kale walizijua nne za mwanzo. Zina tarakimu moja, mbili, tatu na nne, kwa hiyo kwa karne nyingi walikuwepo walioamini kwamba ya tano itakuwa na tarakimu tano. Haikuwa hivyo. Kutoka 8,128 tunaruka moja kwa moja hadi kwenye tarakimu nane, na kwangu mruko huu ndio sehemu tamu kuliko zote.

Chanzo chake kimo katika kanuni ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ya takriban mwaka 300 KK. Chukua kipeo cha 2, yaani 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kadhaa, kama 4, 8 au 16, kisha toa 1. Ukipata namba tasa, izidishe kwa nusu ya kipeo kile. Kipeo cha pili, cha tatu, cha tano na cha saba (4, 8, 32 na 128) vinatoa 3, 7, 31 na 127, zote tasa, nazo zinazaa zile kamilifu nne. Kipeo cha kumi na moja, 2,048, kinatoa 2,047, na hapo mnyororo unakatika: 2,047 ni 23 × 89. Inabidi kusubiri kipeo cha kumi na tatu, yaani 8,192. Toa 1, unabaki na 8,191, ambayo ni tasa. Basi 8,191 × 4,096 = 33,550,336.

Kwa nini jumla inalingana? Vigawo 13 ni 1, 2, 4 hadi 4,096, na jumla yake ni 8,191. Vilivyobaki 12 ni 8,191 ikizidishwa kwa 1, 2, 4 hadi 2,048, na jumla yake ni 8,191 × 4,095. Unganisha: 8,191 × 4,096.

Namba hii ni shufwa, kama zote za kanuni hiyo. Kamilifu ya witiri haijapatikana hadi leo. 33,550,336 ni namba ya pembetatu pia, kwani ni jumla ya 1 hadi 8,191.

Tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 28, kamilifu nyingine. Inapendeza, ila hiyo ni sadfa ya kuandika kwa mfumo wa kumi. Iandike kwa mfumo wa mbili uone umbo lake halisi: 1 kumi na tatu mfululizo, kisha sifuri kumi na mbili.