Kupoza kioo cha darubini: maana yake

Kupoza kioo cha darubini, yaani kile kinachoakisi mwanga wa nyota, ni kukiacha, au kukisaidia, kifikie joto lilelile la hewa ya usiku inayokizunguka. Si lazima kiwe baridi kama barafu. Kinachoharibu picha ni tofauti ya joto kati ya kioo na hewa.

Kioo kilichoshinda ndani ya nyumba hutolewa nje kingali na joto la mchana. Hewa inayokigusa hupata moto na kupanda, na hewa baridi huingia mahali pake. Mwanga hupita kwenye hewa ya moto kwa kasi kubwa kidogo kuliko kwenye hewa baridi, hivyo sehemu moja ya wimbi hutangulia nyingine. Chukua tabaka la hewa la sentimita 10 lililozidi joto kwa nyuzi 1 tu: hapo mwanga hupishana kwa takriban nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), tena hulipita tabaka hilo mara mbili, ukiingia na ukirudi. Wimbi la mwanga wa kijani lina urefu wa nanomita 550 hivi. Kosa hilo linatosha kufifisha mikanda ya mawingu ya sayari ya Mshtarii hata anga likiwa tulivu kabisa.

Kioo chenyewe nacho hupinda kidogo, maana ukingo hupoa kabla ya katikati. Pyrex, kioo kinachostahimili joto, hutanuka kwa kiasi kidogo zaidi kuliko kioo cha kawaida, na Zerodur, mchanganyiko wa kioo na kauri, karibu haitanuki. Lakini Zerodur haiponyi tatizo la hewa! Darubini kubwa za Ulaya ziitwazo VLT (Very Large Telescope), huko Paranal, Chile, zina vioo vya Zerodur vya mita 8.2, na bado majengo yake hupozwa mchana kutwa yalingane na joto linalotarajiwa usiku.

Kwa darubini ya nyumbani, itoe nje mapema, saa moja au zaidi kwa kioo kinene, na ufunge feni ndogo ya kompyuta nyuma ya kioo, ikishikiliwa na mpira isitikise picha. Hewa huendelea kupoa usiku, kwa hiyo mara nyingi ni vizuri feni iendelee kuzunguka. Kioo kikipoa kuliko hewa, hasa penye unyevu, hushika umande.

Kupima ni rahisi: elekeza darubini kwenye nyota angavu, kisha ivuruge fokasi mpaka nyota iwe duara pana. Ukiona michirizi ikipanda polepole ndani ya duara hilo, kioo bado kina joto.