Bugaluu Imerudi: Kwa Nini Fasheni Haiachi Kugeuka Nyuma?

Kuna picha moja kwenye albamu ya mama ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya kutuchekesha. Mama amesimama kando ya baiskeli, kavaa suruali ya bugaluu iliyobana mapajani na kufunguka chini kama kengele, na miguuni ana raizoni zenye soli nene kama tofali. Kila tulipofika ukurasa ule tulicheka mpaka machozi. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 19, alifika ukurasa uleule na hakucheka. Alitoa simu, akaipiga picha ile picha, kisha akaninong'oneza: "Mamdogo, hii suruali bibi bado anayo?"

Bibi mwenyewe alisikia. "Ile? Iliishia kudekia."

Suruali ni ileile, picha ni ileile. Sisi tuliona kichekesho, mama aliona tambara, binti akaona kitu cha kupeleka kwa fundi. Je, inakuwaje nguo moja ipite hatua zote hizo bila yenyewe kubadilika hata uzi mmoja?

Wahenga wanasema ya kale ni dhahabu, ila hawakusema huchukua muda gani kugeuka dhahabu. Aliyejaribu kutaja muda ni James Laver, mwanahistoria wa mavazi Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London. Mwaka 1937 alitoa ratiba, nusu utani nusu kweli. Vazi likivaliwa miaka 10 kabla ya wakati wake, ni utovu wa adabu. Mwaka 1 kabla, ni ujasiri. Wakati wake ukifika, aliyelivaa kapendeza. Mwaka 1 baadaye limeshachuja, baada ya miaka 10 linachukiza, baada ya 20 ni kichekesho. Kuanzia hapo linaanza kupanda tena: miaka 30 linafurahisha, 70 linavutia, 100 lina mahaba, na 150 ni zuri, basi.

Tarakimu hizo si sheria ya maumbile, na Laver mwenyewe angecheka kuona mtu anazikariri. Lakini angalia shimo liko wapi. Nguo inayochukiza kuliko zote ni ya miaka 10 iliyopita. Ya miaka 100 haimuudhi mtu. Ya miaka 10 bado ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Unakumbuka ulivyojiona umependeza, unakumbuka nani alikuona, na unatamani picha zile zifutwe. Ya miaka 100 haina mtu wa kuionea aibu.

Kwa hiyo ile hamu ya zamani tunayoisikia kwenye fasheni si kumbukumbu ya kawaida. Neno wanalolitumia Wazungu, nostalgia, lilianza kama jina la ugonjwa. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Uswisi, Johannes Hofer, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, ili kueleza hali ya watu waliokuwa wakinyong'onyea ugenini kwa kuikumbuka nchi yao. Mgonjwa wa Hofer alitamani mahali alipopajua. Binti yetu na bugaluu yake anatamani mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Kiswahili kina neno linalomfaa zaidi: zilipendwa. Tunalitumia kwa nyimbo, na sarufi yake imekaa kijanja. Zilipendwa, ndiyo, ila na nani? Neno halisemi. Anayecheza leo si lazima awe ndiye aliyezipenda.

Hapo ndipo historia inapoingia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo panaponoga.

Suruali yenye mdomo mpana chini haikubuniwa na vijana wa miaka ya 1970. Ilikuwa vazi la mabaharia tangu karne ya 19. Ilikunjika kirahisi hadi magotini wakati wa kusugua sitaha. Vijana wa miaka ya 1960 huko Marekani na Ulaya walizipata kwenye maduka yaliyouza masalio ya jeshi, wakazipenda kwa urahisi wa bei na kwa ile raha ya kuvaa sare ya jeshi huku wanapinga vita. Raizoni nazo zina asili ya dhiki. Italia ilipowekewa vikwazo baada ya kuivamia Ethiopia mwaka 1935, fundi viatu Salvatore Ferragamo alikosa chuma kizuri cha kushikilia upinde wa wayo, akageukia gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa. Ikatoka soli nene, nyepesi, iliyojaa kutoka kisigino hadi unyayo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja na ngozi kuadimika, wanawake wengi wa Ulaya walitembea juu ya soli nene za mbao na za gamba hilo, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Maana yake, mama alipopiga ile picha, alikuwa tayari amevaa zilipendwa za watu wengine. Hakujua. Nani angemwambia?

Viatu vile vya vita vilirudije kuwa fasheni ndani ya miaka 30 tu? Tarehe 29 Januari 1971, Paris, mbunifu Yves Saint Laurent alionyesha mavazi yaliyochota moja kwa moja kutoka miaka ya 1940: mabega ya mraba, magauni mafupi, vilemba, soli nene, na koti la manyoya la kijani ambalo bado linazungumzwa. Sehemu ya wazo alilipata kwa rafiki yake Paloma Picasso, aliyekuwa akivaa nguo za zamani alizookota kwenye masoko ya mitumba. Wachambuzi walikasirika. Wengi wao walikuwa watu wazima Paris ilipokaliwa na Wajerumani. Kwao mabega yale yalikuwa njaa, foleni na woga. Saint Laurent alikuwa na miaka 34, maana yake miaka ile alikuwa mtoto, tena mbali, Algeria. Wateja wake vijana hata kuzaliwa wengine walikuwa hawajazaliwa. Waliona mabega tu, na yakawapendeza. Katika miaka iliyofuata mitindo ile ilienea, na wakali wale wakanyamaza.

Ndiyo maana nasema fasheni inahitaji kusahau sawasawa na inavyohitaji kukumbuka. Nguo hurudi pale waliochoka nayo wanapoanza kuwa wachache chumbani.

Bwana mkubwa aliyemtangulia Saint Laurent, Christian Dior, alikuwa amefanya jambo kama hilo kwa njia nyingine. Februari 1947, ulaya ikiwa bado inahesabu mita za kitambaa, na Uingereza nguo zikinunuliwa kwa kuponi tangu 1941, Dior alitoa sketi pana zilizomeza kitambaa, kiuno kimebanwa, mabega ya mviringo. Mhariri wa jarida moja la Marekani, Carmel Snow, akauita mwonekano mpya, na jina likaganda. Upya gani? Dior alizaliwa 1905, na alichokitengeneza kilikuwa na harufu ya wanawake wa utoto wake, mama yake akiwemo, wenye viuno vya korseti na magauni ya kufagia sakafu. Alikuwa na miaka 42. Hata yeye hakupokelewa na wote. Mjini Dallas, Marekani, wanawake walianzisha chama cha kupinga sketi ndefu. Walikuwa wamezoea kutembea bila kuburuta mapazia, na hawakuona sababu ya kurudi.

Umri wa Dior si bahati nasibu. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu wazima wakiulizwa kumbukumbu za maisha yao, ukiondoa ya juzijuzi, hutaja zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 kuliko ya vipindi vingine. Sasa piga hesabu. Anayechora mavazi ya msimu ujao, anayechagua kitambaa, anayehariri jarida, wengi ni wa miaka 35 hadi 45. Picha yao ya kwanza ya mtu mzima aliyependeza ni ya miaka 20 au 30 nyuma: dada mkubwa anayejipara, mwimbaji kwenye televisheni. Wakati huohuo kabati za wazazi zinamwagwa, nguo za enzi hiyo zinajaa kwenye mitumba, na kijana mwenye pesa kidogo anazikuta. Mbunifu anazileta kwa kumbukumbu, kijana anazipokea kwa ugeni. Mfanyabiashara naye yuko katikati, anafurahi, kwa sababu mtindo uliowahi kuuzika ni kamari ndogo kuliko usiowahi kuonekana.

Nyakati nyingine zamani yenyewe inayorudishwa haikuwahi kuwepo. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, wanawake wa Paris walitupa magauni mazito ya kifalme wakavaa mepesi meupe yaliyofungwa chini ya matiti, kuiga Wagiriki na Warumi wa kale. Waliiga sanamu za marumaru. Kumbe sanamu zile zilipokuwa mpya zilipakwa rangi, na mvua na karne ndizo zilizozisafisha. Weupe ule wa kale ulikuwa rangi iliyobanduka.

Intaneti imeivuruga ratiba ya Laver. Februari 2000, mwimbaji wa Marekani Jennifer Lopez alivaa gauni la kijani la Versace, kampuni ya mitindo ya Italia, lenye majani ya msituni na mpasuo wa kifua uliofika kitovuni. Watu wengi walilitafuta Google kiasi kwamba kampuni hiyo ilisukumwa kuunda huduma ya kutafuta picha, iliyoanza 2001. Septemba 2019 Lopez alitembea jukwaani Milan akiwa na toleo jipya la gauni lile. Miaka 19 ilikuwa imepita, na halikuwa kichekesho. Halikupata hata nafasi ya kusahaulika, maana picha yake haikuwahi kuondoka mbele ya macho. Siku hizi kijana anavaa miaka ya 1970 asubuhi na 1990 jioni, na sidhani ile kanuni wanayoipenda wachambuzi, kwamba mtindo hurudi kila baada ya miaka 20, bado ina nguvu iliyokuwa nayo.

Ila hasira ya Paris ya 1971 nimeionja mwenyewe, kwa udogo wake. Jinzi zinazoishia chini ya kitovu ziliporudi, mtoto wa dada yangu alizisifu mbele yangu kama ugunduzi. Mimi nilizivaa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nakumbuka kukaa kitini huku mkono mmoja ukivuta blauzi kwa nyuma, na kukosa chakula cha mchana ili zipu ipande. Yeye anaona mstari wa kiuno. Mimi naona njaa.

Jinzi hizohizo, kwa taarifa, zina kile kimfuko kidogo ndani ya mfuko wa kulia. Ni cha saa ya mnyororo, ya enzi za waasisi wa jinzi, Levi Strauss na Jacob Davis, waliopata hataza ya kupigilia misumari kwenye mifuko mwaka 1873. Saa zimekwenda, kimfuko kimebaki, na hakuna anayekiita kumbukumbu.

Bugaluu ilishonwa. Fundi aliikuza picha kwa vidole viwili, akauliza mama alikuwa na urefu gani, akakata. Ikatoka na kiuno juu, mapaja yamebana, chini inafagia. Lakini kitambaa kinavutika, mfuko umerefushwa ili simu itoshee, na badala ya raizoni binti kavalia raba. Mama alimwita karibu, akashika kitambaa pajani, akakivuta, akakiachia kikarudi.

"Yetu ilikuwa tetroni," akasema. "Jua likiwaka, unaiva."