Anthony Joshua na ugonjwa wa kumalizia

Usiku wa Agosti 20, 2022, mjini Jeddah, bondia Mwingereza wa uzito wa juu Anthony Joshua alishindwa na Oleksandr Usyk wa Ukraine kwa mara ya pili. Akachukua mikanda miwili ya mwenzake akaitupa nje ya ulingo, akatoka kwa hasira, akarudi, akashika kipaza sauti na kuanza kuongea maneno ya kurukaruka, hili halijaisha keshaanza lile. Tulikuwa tunaangalia kwa jirani yangu mwenye king'amuzi, na kibanda kizima kilikuwa kinacheka. Katikati ya mchafukoge ule alisema jambo lililonifanya niwaombe wenzangu wanyamaze. Alisema yeye si katika wale waliolelewa na ngumi za ridhaa tangu wana miaka mitano. Alikuwa anaelekea jela, akapata dhamana, ndipo akajituma mazoezini.

Wengi walisikia kisingizio. Mimi nafundisha vijana ngumi, na kwa masikio yangu yale yalikuwa maelezo ya kiufundi, tena yaliyonyooka kuliko uchambuzi wote niliousoma wiki ile. Nimeyakumbuka juzi baada ya kijana wa miaka 19, fundi wa kuchomelea, kuja jimu kuniuliza kama amechelewa kuanza. Sijajibu, keshanitajia Joshua. Wote hunitajia Joshua. Basi leo niseme kwa kirefu ninachowaambia kwa kifupi.

Joshua alizaliwa Watford, kaskazini mwa London, Oktoba 15, 1989, katika familia yenye asili ya Nigeria, Wayoruba wenye mizizi Sagamu, jimbo la Ogun. Akiwa mdogo alipelekwa shule ya bweni huko huko Ogun, maisha ya kuamka alfajiri na kuchota maji, kisha akarudishwa Uingereza. Alikuwa mwanamichezo wa kuzaliwa: mpira, na mita 100 kwa sekunde 11.6 akiwa mwanafunzi. Ngumi hakuzigusa. Alikuwa fundi uashi, alikuwa mkorofi, alikaa mahabusu wiki mbili katika gereza la Reading na akatoka akiwa amefungwa bangili ya kielektroniki mguuni. Binamu yake Ben Ileyemi, naye bondia, ndiye aliyempeleka kwenye klabu ya Finchley mwaka 2007. Alikuwa na miaka 18.

Miaka 18 ni mingi kiasi gani katika ngumi? Niwaeleze ninachokiona kila jioni.

Mtoto wa miaka kumi anapofanya sparingi, yaani pambano la mazoezi, glovu zake ni kama mito ya kulalia. Anampiga mwenzake konde zuri, anamwona ameyumba, anafurahi. Anasahau kila nilichomfundisha, anakimbilia mbele mikono ikiwa wazi ili amalize kazi, na hapo hapo anakula ngumi ya pua. Analia. Wiki ijayo anarudia. Mwezi ujao anarudia. Akifika miaka 15 ameshapigwa mara mamia katika nukta ile ile, ile ya furaha, mpaka mwili wenyewe unajua bila kuulizwa kwamba mtu uliyetoka kumuumiza ni hatari kuliko aliyekuwa mbele yako sekunde mbili nyuma. Ada ya somo hilo ni damu kidogo ya pua na mama kunipigia simu.

Joshua hakupata hayo. Urefu wake ni sentimita 198, mikono yake ikinyooshwa inafika 208, na alipokuja kukosea waliomfundisha walikuwa wanaume wa kilo mia na zaidi.

Mtaniuliza: mbona alipanda haraka vile? Mwaka 2008, hata mwaka mmoja hajamaliza jimu, alijaribu bahati kuiwakilisha Nigeria kwenye Olimpiki ya Beijing, akakosa. Mwaka 2011 akawa wa pili duniani kule Baku, amefungwa fainali na Magomedrasul Majidov kwa 22–21. Mwaka 2012 akachukua dhahabu London. Miaka mitano kutoka glovu ya kwanza hadi dhahabu ya Olimpiki! Mwili ulisaidia, sikatai. Lakini Uingereza ilikuwa na kambi ya taifa Sheffield, inayolipiwa na fedha za bahati nasibu ya taifa, ambako bondia wa ridhaa anaishi kama mfanyakazi: anakula, anapimwa, ana makocha, chini ya Rob McCracken. Hata alipokamatwa na bangi garini mwaka 2011 na mahakama ikampa saa 100 za kazi za kijamii, alisimamishwa kambini kisha akarudishwa. Vijana wangu wengi wangeishia hapo.

Na kulikuwa na jambo la tatu ambalo watazamaji wa leo wamelisahau, nalo ni hesabu ya pointi ya wakati ule. Majaji watano walikaa na vitufe. Konde likitua, jaji aliyeliona alibonyeza. Alama zilitokana na hesabu ya vitufe hivyo. Konde la kumlaza ng'ombe na konde la kugusa tu yalikuwa na thamani ile ile. Mchezo ulikuwa gusa, ondoka. Fainali ya London dhidi ya Roberto Cammarelle wa Italia, bingwa wa Beijing, Joshua aliingia raundi ya mwisho akiwa nyuma 13–10, wakamaliza 18–18, na ikabidi wahesabu vitufe vyote vilivyobonyezwa na majaji ndipo akapewa ushindi. Waitaliano walikata rufaa ikatupwa. Mimi ningempa Cammarelle, na najua kuna watakaonitumia ujumbe wa hasira.

Ninachotaka mkione ni kwamba katika mfumo ule hakuna anayehitaji kumalizia. Ugonjwa wa Joshua, wa kukimbilia kummaliza aliyeyumba, ulikuwepo, ila haukuwa na pa kujitokeza.

Akaingia ngumi za kulipwa Oktoba 2013, na huko ugonjwa ukavaa sura ya afya. Mapambano yake 20 ya mwanzo yote yaliishia kabla ya muda. Wa kumi na sita, Charles Martin, Aprili 2016, alidumu raundi mbili tu na kumwachia mkanda wa IBF, moja ya mashirikisho yanayotoa ubingwa wa dunia. Kila aliyeyumba alifuatwa, na kila aliyefuatwa alianguka. Kijana akila kwa mtindo huo miaka mitatu mfululizo, kocha gani atamwambia punguza?

Lakini dalili ilikuwepo. Desemba 12, 2015, na Dillian Whyte, ugomvi wa zamani kwa sababu Whyte alishampiga enzi za ridhaa. Raundi ya kwanza Joshua alimtikisa vibaya, kengele ikalia, hawakuachana, ulingo ukajaa watu. Raundi ya pili akaenda kumaliza alichoanza, na Whyte akamnasa kwa konde la kuzungusha la kushoto, magoti yakalegea. Alijiokoa akashinda kwa apakati, konde linalotoka chini kwenda kidevuni, raundi ya saba, na magazeti yakaandika habari za apakati.

Kisha Wembley, Aprili 29, 2017, watu 90,000, na Wladimir Klitschko mwenye miaka 41. Klitschko alikuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 1996, Joshua akiwa na miaka sita. Naipenda raundi ya tano ya pambano lile kuliko ya kumi na moja, ingawa ya kumi na moja ndiyo iliyowekwa kwenye mabango. Joshua anamwangusha mzee. Mzee anainuka. Joshua anamwaga ghala lote, kila konde zito, na ghala linaisha kabla mzee hajaisha. Tazameni dakika ya mwisho ya raundi hiyo: aliyekuwa chini ndiye anayepiga, aliyeangusha anatafuta hewa. Raundi ya sita konde la kulia la Klitschko linamlaza Joshua kwa mara ya kwanza tangu aanze kulipwa. Alichofanya baada ya hapo, kupumzika raundi tatu nne akiwa ndani ya moto, kisha ile apakati ya kulia na mwamuzi kusimamisha, ni ushujaa ambao sitaupunguza hata kidogo. Mtu wa kawaida angebaki chini.

Hata hivyo wote tulishangilia tiba tukasahau ugonjwa. Nami nilikuwemo.

Juni 1, 2019, Madison Square Garden. Mpinzani aliyepangwa alikutwa na dawa zilizokatazwa michezoni, akaletwa Andy Ruiz, mnene wa kilo zaidi ya 121, aliyepewa kama mwezi mmoja kujiandaa. Watu wanasema Joshua alimdharau. Mimi naangalia miguu. Raundi ya tatu anamwangusha Ruiz kwa kushoto safi. Ruiz anainuka, na Joshua anaingia akiwa amesimama wima, miguu karibu sambamba, ndani ya umbali ambao mikono mifupi na myepesi ina faida kuliko mirefu. Ruiz alianza ngumi akiwa mtoto. Kwake kubadilishana makonde karibu karibu ni kama kunywa chai. Konde la kushoto la pembeni ya kichwa, juu kidogo ya sikio, ndilo lililoharibu kila kitu, maana konde la sehemu ile huvuruga mizani ya mwili na anayepigwa hajui hata kimempata nini. Alianguka mara mbili raundi hiyo, mara mbili tena ya saba, kwisha.

Miezi sita baadaye huko Diriyah walirudiana, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Alikuja na kilo 107 na kitu. Ruiz alikuja na zaidi ya 128, ameshakula ubingwa wake wote. Joshua aliligeuza pambano likawa la ridhaa: jebu (konde fupi lililonyooka la mkono wa mbele), hatua, jebu, ondoka, raundi kumi na mbili. Kila Ruiz alipoonekana kuyumba, Joshua alirudi nyuma. Watazamaji walilalamika kwamba limedoda. Kwangu lile lilikuwa pambano la mgonjwa aliyeambiwa asiguse sukari na hakugusa.

Mwezi uliofuata, Januari 2020, alimtembelea Buhari, Rais wa Nigeria wakati huo, jijini London, akajilaza kifudifudi mbele yake kabla ya kumwonyesha mikanda. Hapa kwetu kuna waliocheka. Kwa Wayoruba ndivyo mwanaume anavyomwamkia mkubwa. Ni shikamoo inayosemwa na mwili mzima. Mkono wake wa kulia umechorwa ramani ya Afrika, Nigeria ikiwa imewekwa alama. Sikuona cha kuchekesha.

Halafu akaja Usyk. Wawili hawa walivaa dhahabu kwenye Olimpiki ile ile ya London, siku moja tofauti, Usyk kilo 91 na Joshua juu ya hapo. Ila Usyk alikuwa na mapambano ya ridhaa zaidi ya 300, Joshua arobaini na kitu. Usyk ni mashoto, anayetanguliza mkono na mguu wa kulia, na vita na mashoto huanzia miguuni: mguu wako wa mbele na wake zinagombania nafasi moja, na anayeweka wake upande wa nje ndiye mwenye njia iliyonyooka kwenda kidevuni. Septemba 2021, uwanja wa Tottenham, Usyk aliishika nafasi ile karibu usiku mzima. Jeddah Joshua alikuwa bora sana, akipiga mwili, akisogea vizuri. Raundi ya tisa alimuumiza. Ilikuwa raundi yake bora. Nilisimama kwenye kiti, nikajisemea tafadhali usimwage ghala. Raundi ya kumi Usyk alirudi kama aliyebadilishwa betri, na Joshua hakuwa na kitu. Klitschko ya tano, upya. Ndiyo maana dakika chache baadaye, alipozungumzia miaka mitano, sikucheka.

Alibadilisha makocha: McCracken, Robert Garcia, Derrick James, Ben Davison. Simlaumu. Kocha anaweza kukupa mbinu, ulinzi, mpango wa pambano. Mimi mwenyewe nimejaribu kumpa mtu mzima zile pua za utotoni na sijaweza. Francis Ngannou wa Cameroon alilazwa raundi ya pili Machi 2024, dunia ikasema Joshua amepona.

Septemba 21, 2024, Wembley tena, watu 96,000. Daniel Dubois alimwangusha raundi ya kwanza na hakumpa nafasi. Raundi ya tano, ghafla, Joshua akatua konde la kulia, Dubois akayumba. Umri ulikuwa miaka 34, pambano la 32. Akarudisha mkono chini kutafuta apakati, kidevu kikiwa wazi, na konde la kulia la Dubois likafika kwanza. Hakuinuka.

Desemba 2025 alimmaliza Jake Paul, mtu wa YouTube aliyegeuka bondia, raundi ya sita kule Miami, pambano ambalo kitaaluma halina cha kujadili. Siku kumi baadaye, kwenye barabara kuu ya Lagos–Ibadan, jimbo la Ogun, ajali ya gari iliwaua marafiki zake wawili waliokuwa naye, yeye akanusurika na majeraha. Kuna mambo mtu hayachambui.

Kijana wangu wa kuchomelea nilimwonyesha raundi tatu kwenye simu: Klitschko ya tano, Ruiz ya tatu, Dubois ya tano. Nikamwambia mikono aiache, aangalie miguu. Ya kwanza hakuona kitu. Kwenye ya Ruiz aliirudisha nyuma mara nne, kisha akasema, "Kocha, mbona amesimama kama anasubiri daladala?" Tangu siku hiyo zoezi lake ni moja: namshikia padi, anapiga konde zuri, mimi najifanya nimeyumba, na yeye anatakiwa atoke hatua mbili nyuma kabla ya kurudi. Wiki ya kwanza alinifuata kila mara, na kila mara nilimgonga paji la uso kwa padi. Wiki hii amenifuata mara tatu tu.