Waogiek na msitu wa Mau: yanayosemwa na yaliyoamuliwa

"Waogiek wanatafuta pesa za serikali tu."
Kuhusu Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau nchini Kenya, hili nalisikia mara nyingi kuliko mengine, na linaniuma, maana aliyeisoma hukumu hawezi kulisema. Tarehe 23 Juni 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliiamuru Kenya iwalipe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhila waliyotendewa. Pesa hizo hagawiwi mtu mmoja mmoja. Ziliamriwa ziingie katika mfuko wa maendeleo wa jamii nzima. Na agizo zito zaidi wala si la pesa: ardhi ya mababu zao ipimwe, iwekewe mipaka, kisha wapewe hatimiliki ya pamoja.

"Msitu ni wa serikali, wao ni wavamizi."
Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinaitaja ardhi ya mababu ya wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Na tangu zamani kila ukoo ulikuwa na eneo lake msituni. Gogo huchongwa ndani likawa mzinga, likapandishwa juu ya mti. Maua yakihama kutoka bondeni kwenda mlimani, mrina asali naye huyafuata. Huyo mvamizi amevamia kwa nani?

"Ndio waliomaliza Mau."
Oktoba 2009 walipewa siku 30 wahame, kwa hoja hii hii ya kuhifadhi msitu. Mahakama hiyo ya Arusha iliichambua hoja hiyo katika hukumu yake ya kwanza, ya 26 Mei 2017, ikaona serikali haikuleta ushahidi kwamba Waogiek ndio chanzo kikuu cha uharibifu. Walioingia kutoka nje, msitu kumegwa na serikali yenyewe kwa makazi, vibali vya kukata miti: hayo ndiyo yaliyotajwa. Anayekula kwa nyuki hana sababu ya kuangusha mti.

"Ni Wandorobo tu, wachanganywe na majirani."
Jina hilo limetokana na neno la Kimaasai la kumdharau asiye na ng'ombe. Miaka ya 1930 tume ya ardhi ya wakoloni ilipendekeza watu hawa wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa, na madai yao ya ardhi yakamezwa humo. Mahakama imewatambua kuwa jamii asilia ya pekee, yenye lugha na desturi zake. Kwangu mimi, utambuzi huu ndio mlango; bila huo, hatimiliki ingeandikwa kwa jina la nani?

"Walishinda, yameisha."
Mfuko ule wa jamii ulitakiwa uanzishwe ndani ya miezi 12 baada ya hukumu ya 2022. Miezi hiyo ilikwisha Juni 2023. Novemba mwaka huo huo, nyumba za Waogiek zilibomolewa Sasimwani, upande wa Narok.