Wazee wa Japani na hesabu ya wafanyakazi: yanayodhaniwa na yaliyopo

Mjadala wa nchi zinazozeeka ukizuka popote, Japani ndiyo hutajwa kwanza, na haitajwi bure: Septemba 2024 wakazi wake wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa takribani milioni 36, yaani asilimia 29 ya watu wote. Juu ya takwimu hiyo moja wachambuzi hujenga nyumba nzima ya hoja, na baadhi ya kuta za nyumba hiyo hazina msingi.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba wazee wakiongezeka, wafanyakazi hupungua kwa kiasi kilekile. Mwanzoni inashawishi, kwa sababu wakazi wenye umri wa miaka 15 hadi 64, ambao walikuwa takribani milioni 87 mwaka 1995, hawakufika milioni 74 mwaka 2024. Mtu angetarajia kukuta viwanda na maduka yamepoteza watu kwa mamilioni. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2024 waliokuwa kazini walikuwa wastani wa milioni 67.8, idadi ambayo hadi wakati huo haikuwa imewahi kufikiwa tangu mwaka 1953, ambapo takwimu zinazoweza kulinganishwa zinaanzia.

Ili kuelewa jambo hili, inafaa kutazama kiwango cha ushiriki katika nguvu kazi kinavyopatikana. Kila mwezi Ofisi ya Takwimu ya Japani huzihoji kaya zipatazo 40,000 kuhusu shughuli za wiki ya mwisho ya mwezi, na aliyefanya kazi ya malipo hata kwa saa moja huhesabiwa kuwa yuko kazini. Waliomo kazini hujumlishwa na wanaotafuta kazi, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya watu wote wenye miaka 15 na zaidi, akiwamo bibi wa miaka 90 asiyeweza kuinuka kitandani. Hapo ndipo wengi hupotea njia. Kiwango hicho kiliposhuka kutoka karibu asilimia 64 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi asilimia 59 mwaka 2012, kulikuwa na waliosema kwamba Wajapani wamechoka na kwamba vijana wao wanakimbia kazi.

Tuchukue kijiji cha kufikirika chenye watu wazima 100, ambapo 80 wako chini ya miaka 65 na 20 wamevuka umri huo. Tuseme katika kundi la kwanza wanane kati ya kumi wanafanya kazi, na katika la pili wawili kati ya kumi. Wafanyakazi ni 64 na 4, jumla 68. Miaka ikipita, waliovuka 65 wakawa 35, wengine wakabaki 65, na tabia ya kila kundi isibadilike hata kidogo, wafanyakazi watakuwa 52 na 7, jumla 59. Kiwango kimeshuka kwa pointi tisa, na hakuna aliyekuwa mvivu kuliko jana. Sehemu kubwa ya mteremko wa Japani ilikuwa ya aina hii, hasa pale kizazi kikubwa kilichozaliwa kati ya 1947 na 1949 kilipoingia umri wa kustaafu.

Kinachostahili kushangaza ni yaliyofuata, kwani baada ya 2012 nchi iliendelea kuzeeka lakini kiwango kikapanda tena hadi takribani asilimia 63 mwaka 2024. Safari hii ni watu wenyewe waliobadili mwenendo. Wanawake wa miaka 15 hadi 64 walio kazini wameongezeka kutoka takribani asilimia 60 hadi zaidi ya asilimia 70, na ule mtindo wa zamani wa kuacha kazi baada ya kuolewa au kujifungua umefifia sana. Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba zaidi ya nusu ya wanawake walioajiriwa wako katika ajira zisizo za kudumu.

Kuhusu wazee, husemwa kwamba Mjapani hufanya kazi hadi uzeeni kwa sababu utamaduni wake unaipenda kazi. Maelezo haya yanapendeza, lakini yanaisahau sheria na yanausahau mfuko. Umri wa kupokea pensheni ya waajiriwa umesogezwa hatua kwa hatua kutoka miaka 60 hadi 65, ilhali kampuni nyingi bado huwastaafisha watu wakifikisha 60. Ili kuziba pengo hilo, tangu 2013 mwajiri analazimika kumpa kila anayetaka nafasi ya kuendelea hadi 65, na tangu 2021 anatakiwa kujitahidi kufikisha 70. Matokeo yake ni kwamba mtu huagwa rasmi, kisha hurejea kwenye meza ileile kwa mkataba wa mwaka mmoja na mshahara uliopunguzwa. Pensheni ya msingi, kwa aliyechangia miaka yote, ilikuwa takribani yeni 68,000 kwa mwezi mwaka 2024, fedha ambazo ni vigumu kuzitegemea peke yake mjini. Si ajabu basi kwamba mmoja kati ya wanne waliofikisha 65 anafanya kazi, na kwamba kati ya wenye miaka 65 hadi 69 wanaofanya kazi ni zaidi ya nusu.

Je, wazee hao wanawazibia vijana? Lawama hii tunaijua hata kwetu, ambako mtumishi wa umma, Tanzania na Kenya, hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Kwa Japani takwimu haziiungi mkono: mwaka 2024 ukosefu wa ajira kwa wenye miaka 15 hadi 24 ulikuwa karibu asilimia 4, na kwa kila waombaji 100 kulikuwa na nafasi takribani 125. Vyeo ndani ya ofisi moja vinaweza kuzibwa kweli, lakini ajira za nchi nzima si gunia la mahindi ambalo anayechota anampunguzia mwenzake. Hata hivyo, mfano huo hauwezi kuhamishwa mzimamzima hadi Afrika Mashariki, ambako vijana ndio wengi na kazi ndizo zinazokosekana.

Wapo pia wanaodhani kwamba rekodi ya mwaka 2024 imelimaliza tatizo. Vichwa vimeongezeka, lakini saa za kazi za kila mtu kwa mwaka zimepungua kutoka zaidi ya 2,000 mwaka 1990 hadi takribani 1,600. Mwili nao una mipaka yake: wenye miaka 60 na zaidi ni chini ya moja ya tano ya waajiriwa, lakini mwaka 2023 walikuwa karibu asilimia 30 ya walioumia kazini hadi kukosa kazi siku nne au zaidi. Kizazi cha 1947 hadi 1949 nacho chote kilikuwa kimefikisha miaka 75 ilipofika mwisho wa 2024, na katika umri huo wanaohitaji mtu wa kuwahudumia huzidi kuongezeka.

Anayewahudumia huenda si Mjapani. Nchi inayosemwa kuwa imefunga milango ilikuwa na wafanyakazi wa kigeni milioni 2.3 Oktoba 2024, karibu mara tatu ya idadi ya mwaka 2014, kundi kubwa zaidi likitoka Vietnam, na uuguzi wa wazee ni miongoni mwa kazi zilizofunguliwa kwao kwa viza maalumu tangu 2019.